Upande wa Ndani wa Kofia

Kila asubuhi Njeri aliwasha jiko, akamtoa mama yake kitandani, akamkalisha karibu na moto. Ilikuwa Julai, na Julai ya Eldoret haimhurumii mgonjwa. Mvua ya jana ilikuwa bado inadondoka kutoka kwenye mabati. Akishamwekea mama uji, Njeri alitoka kupanga sukuma wiki na nyanya kwenye kibanda chake, hapo hapo mbele ya geti lao mtaani Munyaka.

Mama yake aliitwa Virginia. Zamani alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Aliweza kumwita mtu aliye shamba la tatu, na mtu huyo akaitika. Alilima viazi Burnt Forest mpaka vita vya uchaguzi vikamtoa. Akaanza upya Langas, katika chumba cha udongo, akiwa na mabinti wawili na mume mgonjwa. Mume akafa. Virginia akauza viazi vya mashamba ya wengine, akasomesha, akajenga vyumba vitatu hapa Munyaka. Hayo yote hayakumnyamazisha.

Kilichomnyamazisha ni kansa ya titi. Hospitalini alipewa dawa za kutundikwa, zile zinazoingia polepole kwenye mshipa. Baada ya dozi ya pili nywele zilimtoka zote. Aliamka akazikuta kwenye mto. Alizikusanya kwa mkono, akazitia kwenye mfuko, akaufunga fundo. Tangu siku hiyo hakutoka nje ila kwenda hospitali na kanisani.

Mtu akigonga geti, Virginia aliinuka na kuingia chumbani.

"Mum, ni Mama Jeconia tu," Njeri alimwambia siku moja. "Amekuja kununua nyanya."

"Wacha anunue. Mwambie nimelala."

"Jana pia nilimwambia umelala."

"Basi mwambie bado."

Walijaribu wigi. Liliwasha kichwa mpaka akalitupa chini ya kitanda. Walijaribu leso. Leso iliteleza, kwa kuwa kichwa hakikuwa na nywele za kuishikilia. Mara moja iliteleza kanisani wakati wa kusimama kuimba, na mtoto aliyekaa benchi la nyuma akacheka. Mtoto hana hatia, lakini Virginia hakurudi tena kanisani.

Sasa siku ilikuwa inakaribia. Cate, mdogo wake Njeri, alikuwa anaolewa. Mchumba wake aliitwa Mulongo, karani wa duka la mbegu mjini. Watu wake wangetoka Bungoma kuja kwenye ruracio, ile siku ya mahari, Jumamosi ya pili ya Agosti. Zilibaki wiki sita.

"Mzee Kuria ataongea kwa niaba ya baba yenu," Virginia alisema, akimtaja kaka wa marehemu mumewe. "Mimi nitakuwa chumbani. Mtanifungia mlango."

Cate aliweka kikombe chini. "Mum, wakikosa kukuona watafikiria nini?"

"Watafikiria mimi ni mgonjwa. Si ni ukweli?"

"Hapana. Watasema umekataa kijana yao. Watasema ni kwa sababu yeye si wa kwetu."

Virginia alijua ni kweli. Mama wa binti akikosa kuonekana siku ya mahari, wageni huondoka na jibu lao wenyewe. Lakini aliposhika kichwa chake kwa viganja viwili, mabinti wote wawili waliona kuwa hatatoka. Cate alilia jikoni usiku ule, na Njeri akaamua kuwa jambo hili litatengenezwa, na litatengenezwa na yeye.

Njeri alikuwa mtu wa haraka. Hata chai yake ilikuwa inamwagwa kwenye vikombe kabla haijaiva. Aliwahi kuona mjini kofia nzuri za akina mama: juu kitambaa chepesi, na chini, kuzunguka kichwa, utepe mpana ulioshonewa shanga. Kofia ya namna hiyo haitelezi. Alienda mjini akanunua shanga ndogo za samawati na nyeupe, akarudi nazo kwenye kibanda.

Mama Jeconia akamkuta akizichambua. Huyu alikuwa jirani wa geti la tatu, mwanamke wa Kibukusu aliyezidi miaka hamsini. Jina lake hasa ni Nekoye, lakini mtaani aliitwa kwa jina la mwanawe. Alikuwa akishona shanga kwenye mishipi, mikoba na kola za nguo, na kazi yake ilinunuliwa na watu wasiomjua.

"Unatengeneza nini, Njeri?"

"Kofia ya mum. Ya ruracio."

"Umewahi kushona shanga juu ya kitambaa?"

"Si ni kushona tu, Mama Jeconia? Sindano ni sindano."

Mama Jeconia alitaka kusema neno, akanyamaza. Hakuulizwa. Kuuliza si ujinga, lakini Njeri aliona kuuliza ni kupoteza wakati.

Alishona usiku na mchana. Alitumia uzi wa kawaida wa pamba, bila kuukunja mara mbili. Alitunga shanga kumi kwa mkupuo, akazilaza, akafunga fundo kubwa nyuma, akatunga nyingine kumi. Sindano ilimtoboa vidole mpaka akashindwa kumenya vitunguu. Baada ya wiki mbili utepe ulikuwa umejaa, na upande wa mbele ulipendeza kweli. Upande wa nyuma ulikuwa na mafundo na nyuzi zilizopandana.

Njeri aliona nyuma hakuna anayeangalia. Ila utepe ulilegea, ukawa unajikunja, na hapo akakumbuka Langas. Katika chumba kile cha udongo walizuia baridi kwa kubandika makatoni na magazeti ukutani. Gundi yao ilikuwa unga wa ngano uliopikwa na maji ukawa mzito. Makatoni yale yalikaa miaka minne bila kubanduka. Basi Njeri alikata katoni ya sabuni, akapika gundi ya unga, akabandika katoni nyuma ya shanga. Juu ya katoni akabandika kitambaa kipya kilichong'aa. Ilipokauka, ikawa ngumu na imenyooka vizuri sana, akaishonea kitambaa chepesi juu na kamba nyuma.

Jumapili alimvalisha mama yake. Akakaza kamba kisogoni ili isiteleze.

"Inakubana?"

"Hapana," Virginia alisema. "Iko sawa."

Akatoka nje. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, Virginia alikaa kwenye kibanda cha mboga, mikono magotini, akasalimiwa na mtaa mzima. Njeri alifurahi mpaka akawapa wateja nyongeza bila kuombwa. Jumatatu mama akavaa tena. Jumanne pia. Jumatano alishinda nayo kutwa nzima, na usiku akakataa kusaidiwa kuivua.

"Nenda ulale. Nitaivua mwenyewe."

Alhamisi mstari mmoja wa shanga ulikatika. Uzi ulikatika mahali pamoja tu, lakini shanga kumi zilimwagika, zikaingia kwenye sukuma wiki. Njeri alicheka, akainama kuziokota. Alipoinuka akaona shingo ya mama yake. Kulikuwa na mstari mwembamba wa maji ya njano na damu, kutoka nyuma ya sikio hadi kwenye kola.

Alimwingiza ndani, akafungua kamba. Kofia haikutoka. Ilikuwa imegandana na ngozi. Ilibidi aloweshe kitambaa kwa maji ya uvuguvugu na kukikandamiza taratibu, na muda huo wote Virginia alitazama ukuta. Ilipotoka, Njeri aliona ukingo wa katoni umepasua kile kitambaa cha kung'aa na kukata ngozi juu ya masikio yote mawili. Kwenye paji la uso kulikuwa na alama nyekundu za mafundo, moja moja, kuzunguka kichwa. Jasho lilikuwa limelainisha gundi ya unga, na gundi ilikuwa inanuka.

"Mum, mbona hukusema?"

"Ningesema nini?" Virginia aliuliza. "Niliona vidole vyako."

Usiku huo mwili wa Virginia ulichemka. Walimkimbiza hospitali kwa gari la jirani. Muuguzi wa zamu alisafisha vidonda, kisha akamwita Njeri pembeni. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililomuumiza Njeri zaidi.

"Hizi dawa za kansa zinapunguza nguvu ya mwili kupigana na vijidudu," alimweleza. "Ngozi nayo inakuwa nyororo, inachubuka haraka. Kwako hiki ni kidonda kidogo. Kwake si kidogo. Umefanya vizuri kumleta usiku huu huu. Siku ingine akipata joto hivi, usingoje asubuhi."

Virginia alilazwa siku tano. Dozi yake iliyofuata ikaahirishwa. Njeri alirudi nyumbani akaitupa kofia kwenye ndoo ya takataka, kisha akaitoa, akaiweka kwenye meza, akaketi akiitazama. Alijiona amemuua mama yake kwa mkono wake mwenyewe. Cate alijaribu kumtuliza, lakini naye alikuwa analia, na mtu anayelia hamtulizi mwingine.

Mama Jeconia alikuja siku mama aliporuhusiwa kurudi. Alileta maziwa na ndizi mbivu. Safari hii Virginia hakuwahi kukimbilia chumbani, hakuwa na nguvu. Aliketi kwenye kochi, kitambaa laini cha hospitali kichwani, akatazama chini.

"Pole, Mama," Mama Jeconia alisema. "Nimesikia. Lakini kwa nini ulivumilia siku nne? Mficha maradhi..."

Aliuanza msemo ule, akamwona aliyeketi mbele yake, akaumeza uliobaki. Kisha Virginia akacheka kidogo, kicheko kikavu.

"Malizia tu," alisema. "Kifo tayari kinanijua."

Mama Jeconia aliona haya. Aliomba kofia. Aliigeuza, akaingiza kucha chini ya kitambaa, akakibandua chote kwa mkupuo mmoja. Katoni ilikuwa imevimba na kuota ukungu mweusi.

"Njeri, nipe mkono."

Njeri akatoa mkono. Mama Jeconia alikunja sweta lake mpaka juu ya kiwiko, akamfunga utepe ule kwenye ngozi, upande wa ndani wa mkono, na kuukaza.

"Sasa enda uuze mboga nayo hivyo. Ukichoka, fungua."

Njeri alienda. Aliuza mafungu matatu ya sukuma wiki. Alikata kabeji moja. Kabla saa moja haijaisha alikuwa amefungua, na mkono wake ulikuwa na alama zile zile za mafundo. Aliketi kwenye kreti la soda nyuma ya kibanda. Mama yake alivaa kitu hiki kutwa nzima, siku nne, na kila alipoulizwa alisema iko sawa.

Jioni Njeri aligonga geti la tatu.

"Mama Jeconia," alisema, "nimekuja kuuliza."

"Ingia. Nimekungojea wiki tatu."

Ndani hapakuwa na anasa yoyote. Meza, taa kali, na mikebe ya shanga iliyopangwa kwa rangi. Mama Jeconia alikata kitambaa cha pamba kizito kiasi, akakikunja mara mbili.

"Hii ndiyo ya kushonea. Haihitaji katoni. Ukitaka ugumu, ongeza kitambaa. Katoni ni ya kubeba sabuni."

Kwa kipande cha sabuni kikavu alichora mistari, kama mafundi cherehani wanavyofanya. Pembeni pote aliacha nafasi ya upana wa kidole. "Hapa usiweke shanga hata moja. Hapa ndio tutakunja. Watu wengi wanajaza mpaka mwisho, halafu hawana mahali ya kufungia."

Uzi wake ulikuwa wa nailoni, mwembamba. Aliukunja ukawa mara mbili, akaupitisha juu ya mshumaa ili upate nta. "Nta inafanya usijisokote. Pia haukatwi haraka na mdomo wa shanga. Sasa, wewe ulikuwa unatunga ngapi?"

"Kumi."

"Ndio maana zikamwagika kumi. Chukua nne tu. Zilaze kwenye mstari. Teremsha sindano chini. Umeteremsha? Sasa rudi nyuma. Tokea katikati, kati ya shanga ya pili na ya tatu. Pita tena ndani ya ile ya tatu na ya nne. Halafu uongeze nne zingine."

Njeri alijaribu. Alisahau kurudi. Alirudi kupita kiasi. Mama Jeconia alifumua bila huruma.

"Unarudi nyuma kila wakati?" Njeri aliuliza. "Hii itachukua mwezi."

"Itachukua siku kumi. Kila shanga ya mwisho inapitiwa na uzi mara mbili. Uzi ukikatika, unapoteza shanga chache, mstari unabaki."

Kuhusu mafundo alikuwa mkali zaidi. Uzi ulipokaribia kuisha, Njeri hakuruhusiwa kufunga fundo kubwa. Alitakiwa kushona mishono mitatu midogo sana papo hapo nyuma, mmoja juu ya mwingine, kisha kukata uzi karibu na kitambaa bila kuacha mkia. Kila akimaliza mstari, alifumba macho na kupitisha kidole nyuma yake.

"Macho yanadanganywa na rangi," Mama Jeconia alisema. "Kidole hakina habari na rangi."

Ikabaki shida nyingine. Virginia hakutaka kusikia habari ya kofia.

"Usijisumbue," alimwambia Njeri. "Kichwa changu kimechoka."

"Sikulazimishi, Mum. Nataka tu unisaidie kuangalia kazi. Si kuvaa."

"Kuangalia nini?"

"Nyuma. Ukigusa na shavu, niambie kama kuna mahali inakwaruza. Na usinidanganye tena."

Virginia akachukua utepe ambao ulikuwa nusu tu, akaupitisha kwenye shavu.

"Hapa," alisema.

Njeri akafumua. Kesho yake akaleta tena.

"Hapa. Na hapa. Wewe, hii ni nini, msumari?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi sauti ile ya Burnt Forest kusikika ndani ya nyumba. Njeri alifumua kwa furaha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Kila jioni Virginia alikagua, na kila jioni alipata kosa, na makosa yakapungua mpaka jioni moja akapitisha utepe mzima shavuni, akaurudisha, asipate kosa hata moja.

Siku ya kumi Mama Jeconia alikuja mwenyewe nyumbani kwao na shuka kuukuu jeupe la pamba.

"Hii ndio ya ndani," alisema, akimpa Virginia ashike. "Shuka la zamani limefuliwa mara nyingi. Limelainika, halitatoa rangi, halitarudi kuwa fupi. Kitambaa kipya kinakuwa na wanga wa kiwandani, na kinarudi kikifuliwa. Na nimechagua nyeupe kwa sababu. Kukiwa na kidonda, tone moja la damu litaonekana hapo hapo. Ile ya Njeri ya kung'aa ilificha."

"Na gundi?" Cate aliuliza.

"Hakuna gundi. Kitu ya kugusa ngozi ya mgonjwa haina gundi. Ya unga inaota ukungu na kuita wadudu. Ya dukani inakauka kama kucha. Tunashona."

Walikunja ile nafasi ya kidole kuelekea nyuma, wakaishikiza kwa uzi. Wakakata shuka, kubwa kidogo kuliko utepe. Wakakunja kingo zake ndani ili nyuzi zisichomoke, wakabana kwa pini. Njeri aliingiza sindano katikati ya vitambaa viwili ili fundo la kwanza lifichwe huko ndani. Kisha akashona ukingo wote kwa kuzungusha, mishono midogo midogo, akishika kitambaa tu na si uzi wa shanga. Juu wakaunganisha kitambaa chepesi cha pamba kufunika kichwa. Badala ya kamba, kisogoni waliweka lastiki laini iliyovishwa kitambaa.

"Vidole viwili viingie hapa," Mama Jeconia alisema. "Visipoingia, imebana."

Kabla ya kumvalisha mama, Njeri alivua sweta na kujifunga kofia ile kwa leso kwenye mkono wake, ngozi kwa ngozi, kutwa nzima. Aliuza, akapika, akafua. Jioni alifungua, akautazama mkono chini ya taa. Haukuwa na alama.

Walienda kliniki kwanza. Muuguzi alikagua vidonda, vilikuwa vimefunga. Aligeuza kofia, akapitisha kidole ndani, akaruhusu ijaribiwe kidogo kidogo. Siku ya kwanza Virginia alivaa robo saa, kisha Njeri akaivua na kutazama kitambaa cheupe na ngozi. Siku ya pili nusu saa. Siku ya nne alivaa tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Kila baada ya siku mbili Njeri aliifua kwa mkono, kwa maji baridi na sabuni kidogo, bila kuisokota, akaianika kivulini ikiwa imelala.

Jumamosi ya ruracio mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wageni wa Bungoma walifika wamelowa, wakapangwa chini ya turubai. Virginia alikaa mbele, karibu na Mzee Kuria, amekonda, amevaa kofia ya samawati na nyeupe. Njeri alisimama kwenye mlango wa jikoni akimchunga. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mulongo alitokwa jasho kwenye baridi ile, na watu wakamcheka kwa upole.

Kisha akina mama wa upande wa Mulongo wakainuka na nyimbo. Walikuwa wameleta leso za kumvika mama wa binti. Shangazi yake Mulongo, mwanamke mnene mwenye uso wa furaha, alimfunga Virginia leso kiunoni, akamtupia nyingine mabegani. Akakunjua ya tatu, na akanyoosha mikono kumvua kofia ili amfunge hiyo kichwani. Hakuwa ameambiwa kitu. Watu wote waliosahau kumwambia wakakauka mahali walipokuwa.

Njeri alipiga hatua mbili. Virginia akainua mkono kumzuia.

Aliivua kofia mwenyewe, akamkabidhi shangazi. Nyimbo zikakatika. Kichwa chake kilibaki wazi mbele ya wageni, chenye makovu mapya juu ya masikio, na mvua ikapiga turubai.

"Ni dawa za kansa," Virginia alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa waliosimama getini. "Nilitaka kubaki chumbani. Lakini sikutaka mseme nimemkataa kijana wenu. Nimemkubali. Nifunge leso, dada, ila usikaze."

Shangazi alisimama na kofia mkononi. Machozi yakamtoka. Aligeuza kofia akaona ndani yake, kitambaa cheupe na mishono midogo iliyozunguka bila fundo hata moja. "Huyu aliyeshona alikuwa anakupenda," alisema. Akamfunga leso taratibu kama anavyofungwa mtoto mchanga, kisha akamvisha kofia juu yake. Wimbo ulianza tena, chini chini.

Baada ya hapo Virginia alirudi kukaa kibandani, na akirudi kliniki hakujificha. Kwenye benchi la kungojea dawa aliwavulia wanawake wenzake kofia na kuwaonyesha upande wa ndani kabla ya wa nje. Watatu kati yao wakamfuata Njeri mpaka Munyaka. Kila Alhamisi mchana waliketi naye nyuma ya kibanda, na Mama Jeconia akapita kuwafumulia kazi. Njeri aliacha kumwaga chai kabla haijaiva.

Lakini Septemba daktari alisema dawa hazishiki tena. Wakaziacha. Virginia akadhoofika, akarudi kitandani, na siku za mwisho alitetemeka kwa baridi. Hakutaka kofia ivuliwe hata kidogo.

"Mum, niangalie tu ngozi."

"Niache nayo. Hainiumizi."

"Ulisema hivyo pia ile mara ya kwanza."

"Njeri. Hainiumizi."

Njeri alimwachia, lakini hakulala vizuri. Aliwahi kudanganywa kwa upendo, na aliogopa kudanganywa tena. Usiku alipapasa ukingo wa kofia gizani, akaweka kidole kimoja, cha pili, vikaingia.

Virginia alikufa nyumbani, asubuhi moja ya Novemba. Kabla ya kumpigia Mzee Kuria simu, Njeri na Cate walimpangusa mwili kwa maji ya uvuguvugu. Kichwa walikiacha mwisho. Njeri aliivua kofia, akaigeuza, akaipeleka dirishani penye mwanga. Kitambaa kilikuwa cheupe chote. Akarudi kuangalia ngozi juu ya sikio moja, kisha juu ya lile lingine. Haikuwa na kidonda wala mchubuko. Mama yake alikuwa amesema kweli.

Na nywele zilikuwa zimeanza kuota, fupi sana, laini, kichwa kizima.

"Cate," Njeri aliita. "Kuja ushike."